Aliyebaki na Nywele

Mimi si mtu jasiri, na naomba niliseme hilo mapema, kwa sababu wapo watu kanisani kwetu wanaonisimulia kama shujaa, na kila nikiwasikia naona haya. Naogopa mto ukijaa. Naogopa radi, naogopa hata jongoo. Lakini mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na woga wenyewe haukutoka porini wala mtoni. Ulitoka kwa watu niliokuwa nakula nao sahani moja.

Nilikuwa nimeolewa Mkula, kando ya barabara iendayo Ifakara. Wakwe zangu asili yao ni Mahenge, Wakatoliki wa kuzaliwa, na picha ya Moyo Mtakatifu ilitundikwa ukutani juu ya magunia ya mpunga. Mimi nilikuwa msomaji wa masomo kigangoni, kwenye kanisa letu dogo la kijijini, na nilijisikia kidogo, sitaki kudanganya. Tulikuwa na binti mmoja wa miaka minne. Mume wangu alikuwa mtu mpole, mpole mno, na mbele ya kaka yake alikuwa kama hana ulimi.

Mvua za mwaka ule, mke wa huyo kaka, yaani wa shemeji yangu mkubwa, alizika watoto wawili. Wa kwanza alikufa mwezi wa pili, wa pili mwezi wa nne. Wote ni homa, na wote kule bondeni tulikohamia kwenye madungu, vibanda vya kulindia mpunga, maji kila upande, kufika hospitali ni mtumbwi, kisha baiskeli, kisha kungoja basi. Mimi ndiye niliyewaosha wale watoto. Nilifanya hivyo kwa upendo, na baadaye nikaja kujua kwamba watu walikuwa wanatazama mikono yangu.

Mpunga ulipokwisha kuvunwa shemeji aliita kikao cha ukoo. Alisema hamnyoshei mtu kidole. Alisema hajui nani amefanya nini, na hataki kujua, na kwa sababu hiyo hiyo kila mtu mzima wa nyumba ile, wa kuzaliwa na wa kuolewa, atakwenda kunyolewa.

Kwa asiyejua, ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, alikuwapo mganga aliyekuwa akipokea koo nzima nzima wakati wa kiangazi. Ukoo ukifiwa vifo usivyovielewa, unakwenda wote. Mnanyolewa nywele zote, kuanzia kichwani mpaka kusikosemeka, mnapakwa na kunyweshwa dawa. Mwenye uchawi, uchawi wake unafia pale. Asiye nao anarudi safi. Baada ya hapo hakuna tena wa kumshuku mwenzake, na watu waliogombana miaka wanarudi wakicheka ndani ya basi. Uzuri wake ndio huo. Ubaya wake ni kwamba anayekataa amejitaja mwenyewe.

Padri wetu alikuwa ameshatangaza zaidi ya mara moja kwamba Mkristo anayekwenda kunyolewa amekwenda kuomba wokovu kwingine, na asisogelee komunio mpaka atakapofanya kitubio. Watu walimsikiliza kwa heshima, kisha wakaenda. Walipima wakaona kukaa benchini mwaka mzima ni nafuu kuliko kuitwa mchawi mpaka kaburini. Sikuwalaumu, maana mimi mwenyewe nilipima hivyo hivyo. Nilimwambia Mungu, nikiwa napepeta mchele uani, kwamba anielewe: nitapeleka mwili tu, moyo nitauacha nyumbani. Hata toba yangu niliipanga kabla sijatenda dhambi. Maneno ya kumwambia padri nilikuwa nayo tayari, na yalikuwa mazuri.

Tulikwenda watu kumi na mmoja. Basi hadi Ifakara, pantoni, halafu miguu karibu nusu siku. Mama mkwe alitembea nyuma yangu. Mjane, mwembamba, macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, na katika nchi yetu macho ya namna hiyo kwa mwanamke mzee ni hatari. Sote tulijua kwamba kama kuna jina lililonong'onwa kuliko langu, lilikuwa lake. Kila nilipogeuka alikuwa ameshika pindo la kanga yangu. Sidhani kama yeye mwenyewe alijua kwamba amelishika.

Kwa mganga palikuwa na watu wengi kama siku ya mnada. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, nyuma ya uzio wa majani. Tulipanga foleni. Mbele kabisa alikaa mama mmoja mnene, msaidizi wa mganga, na pembeni yake kikapu. Nilipokaribia nikaona kilichomo. Zilikuwa rozari. Za mbao, za plastiki, nyeupe, buluu, medali za Bikira Maria, skapulari zilizochakaa kwa jasho. Kikapu kilikaribia kujaa. Utaratibu ulikuwa kwamba dawa haikai na kitu kingine, kwa hiyo unavua, unaweka, unanyolewa, na ukitoka unaokota yako.

Kile kikapu kilinitisha kuliko nyembe. Nilikuwa nimejifariji njia nzima kwamba nitakuwa peke yangu na siri yangu, na kumbe nusu ya parokia ilikuwa imepita pale na siri hiyo hiyo.

Mama mkwe alikuwa mbele yangu. Alivua rozari yake ya mbao aliyovishwa siku ya ndoa yake, akaiweka bila kuitazama. Walimnyoa. Nilimwona akigeuka na kichwa kile cheupe kwa dawa, kidogo kama cha kifaranga, na machozi yanamtoka na huku anatabasamu. Alikuwa amepona kushukiwa. Miaka yote ile ya kuogopa iliisha kwa muda wa kukata nywele, na mimi nilimwonea wivu.

Ikawa zamu yangu. Yule mama mnene akasema kwa upole kabisa, "Vua ya shingoni, mwanangu."

Nikaipeleka mikono. Rozari yangu ilifungwa kwa uzi wa nailoni, nami nilizoea kuivua kwa kuipitisha kichwani. Siku ile ikanasa kwenye nywele nilizosuka. Nikavuta, ikakaza. Nyuma yangu watu wakaanza kuguna. Yule mama akasema si neno, atanikatia, akainuka na wembe na kuuleta shingoni kwangu.

Nikamshika mkono. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Hapana. Mimi sinyolewi."

Nimeulizwa mara nyingi ilikuwaje, na wanaouliza wanataka niseme kwamba Roho Mtakatifu alinijia. Huenda alinijia. Ninachojua ni kwamba niliona wembe karibu na koo langu na nikaogopa, na katika woga ule maneno yote niliyompangia padri yalikimbia, nikabaki na neno moja tu ambalo sikulipanga. Kama ule uzi ungelegea, ningenyolewa. Nalisema hili wazi kwa sababu nimechoka kusifiwa.

Shemeji aliitwa, akasimama nje ya uzio maana hakuruhusiwa kuingia, na mume wangu nyuma yake. Shemeji aliniuliza kama najua ninachokisema. Nikasema najua. Nikasema mimi nimebatizwa, sina kingine cha kuoshewa, na wale watoto niliwapenda. Sauti yangu haikusikika kama ya mtu mwenye imani, ilisikika kama ya mtu aliyefumaniwa.

Akajibu taratibu, "Basi umetuambia." Mume wangu alitazama chini.

Walipokwisha tukarudi, wao kumi wameng'aa vichwa, mimi na nywele zangu. Kwenye pantoni hakuna aliyesimama karibu nami. Hata watu tusiowajua walitazama vile vichwa, wakanitazama mimi, wakasogea. Mama mkwe alitembea mbele safari hii.

Nyumbani binti yangu hakuwapo. Alikuwa ameachwa kwa majirani, nao shemeji akawatumia neno wampeleke kwake. Mume wangu naye akahamishia nguo zake huko huko, akasema ni kwa muda, mpaka mambo yatulie. Aliniambia akiwa mlangoni, hakuingia. Alinisihi. Kiangazi bado kirefu, alisema, niende tu hata peke yangu, ni siku nne, na nikirudi nitamkuta mtoto amekaa kizingitini ananisubiri. Hakunitukana hata mara moja. Angenitukana ingekuwa rahisi zaidi kwangu.

Hapo ndipo majaribu yalipoanza kweli. Kule kwa mganga ilikuwa dakika moja. Huku ilikuwa kila asubuhi. Nilikuwa nafunga kimzigo, mchele kidogo na kanga, nakwenda mpaka kituo cha basi, nasimama. Kondakta ananiuliza mama, Ifakara? Nami namwambia hapana, namsubiri mtu. Nilifanya hivyo mara tatu. Kisimani wanawake waliinua ndoo zao nusu zimejaa wakaondoka nikifika. Na kulikuwa na jambo baya zaidi: mke wa shemeji alikuwa mjamzito tena. Kila mtu alikuwa anahesabu. Mimba ile ikiharibika, au mtoto akizaliwa akafa, nilijua kwamba hawataita kikao. Nilisali rozari kila siku kwa ajili ya tumbo la yule mwanamke, na naungama hapa kwamba sikuwa namwombea mtoto. Nilikuwa naiombea shingo yangu.

Jumapili nilikwenda kanisani, na sikuwa nimefikiria sawasawa. Kanisa lilijaa vitambaa kichwani na kofia mapajani. Ilipofika komunio, benchi baada ya benchi watu walibaki wamekaa. Waliokuwa wamenyolewa hawakuruhusiwa, na walionyolewa ndio waliokuwa safi machoni pa kijiji. Basi kusimama tu kwenda kupokea ilikuwa sawa na kutangaza: mimi sikwenda, nishukuni mimi. Walisimama wazee wachache, katekista na mkewe, masista wawili wageni. Mbele, kwenye benchi la shemeji, nilimwona binti yangu amepakatwa na bibi yake. Amefungwa kitambaa kichwani.

Nilijiambia nibaki nimekaa leo tu, Mungu hatanidai komunio moja. Ingeonekana kama na mimi nimenyolewa kimyakimya, nywele nimeficha chini ya kitambaa, na labda wangelegea, labda wangemleta mtoto. Sikuhitaji hata kusema uongo. Nilihitaji kukaa tu.

Nikasimama. Nilipita katikati ya kanisa lile huku meno yanagongana, nikapokea, nikarudi. Mwanamke wa benchi langu alikuwa amemhamisha mwanawe upande wa pili.

Mtoto wa shemeji alizaliwa mwezi wa kumi, mzima, anapiga kelele. Siku chache baadaye mama mkwe aliwaita wanawe wawili uani kwake, akatuma na mimi niitwe. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota, nyeupe tupu. Hakuwahi kupaza sauti mbele ya wanawe tangu nimjue.

"Mimi nimenyolewa mbele yenu wote," alisema. "Kwa hiyo neno langu ni safi, si ndivyo mlivyosema? Basi nasema huyu si mchawi. Mpeni mwanawe."

Shemeji hakuwa na pa kutokea, kwa kuwa akimkataa mama yake anaikataa dawa yenyewe. Akasema sawa. Mama mkwe hakunitazama. Aliogopa, nilimwona, mikono aliificha ndani ya kanga.

Jioni ile mume wangu alimleta mtoto amembeba begani. Nilimpokea, nikamvua kile kitambaa nimwoshe. Walikuwa wamemnyoa. Mtoto wa miaka minne, kichwa chote, na chale mbili ndogo juu ya sikio, zimeshapona. Mume wangu akasema haraka kwamba haikuwa ya kuniumiza, walitaka tu kumkinga. Hakusema kumkinga na nini. Aliketi kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilimwona akilia.

Nilipika wali na samaki wa mtoni, kambale, ambaye binti yangu alimpenda kuliko chakula chochote. Nikampakulia kwenye sahani yake ya bati, nikaketi naye mkekani. Alikuwa na njaa, nilimwona anavyotazama. Lakini mikono aliiweka mapajani.

Nikamwambia ale, mama, chakula kinapoa.

Akasema polepole, kama anayerudia somo alilofundishwa vizuri, "Onja wewe kwanza."

Mume wangu akainamisha kichwa. Mimi nikamega tonge upande wake wa sahani, nikachukua na kipande cha samaki, nikala mbele yake, nikameza, nikafungua mdomo aone kwamba hamna kitu. Alisubiri kidogo. Halafu akaanza kula.

Tulikula hivyo mpaka alipoingia darasa la pili.