Nilivyovunja Saruji Nyuki Wakarudi

Mwanangu, iko asubuhi moja haijanitoka kichwani mpaka leo, na mimi ni mtu niliyepita mengi. Nyanya yangu Rukia, aliyenilea katika nyumba hii hii ya Tononoka, alinitia unyoya wa kuku mkononi akaniambia, "Shika. Leo nyuki ni wewe."

Nikuambie ilivyokuwa. Mbele ya nyumba nyanya alikuwa na kiwanja cha mimea ya kwetu pwani: mboga za mwangani na mchunga, kivumbani cha kunukia, na mishubiri ya maua mekundu. Wapita njia waliona magugu, lakini nyuki hawakuwa wakibanduka pale. Wakishiba huku mbele, walizunguka nyuma uani kwenye maboga yake. Mwaka hadi mwaka hatukukosa boga la nazi la futari, na majirani wakapata.

Nilipokaribia kuolewa, nyanya alikwenda Malindi matangani. Hapo ndipo waliponiingia, na nitawataja, maana wao hawakunionea haya. Mjomba wangu Shee alisema, "Wageni wa bwana arusi watoka Kibokoni na mabuibui mapya, waje waumwe na nyuki kwenye magugu?" Jirani yetu Zaituni akadakia kutoka ng'ambo ya ua wa nyumba, "Kwani hapo anaolewa mtu ama mbuzi?" Wakacheka. Nami, mwanangu, sijitoi. Miaka kumi na tisa, elimu yangu darasa la nne, kichwa kimejaa arusi. Nikasema, "Ng'oeni." Fundi Kombo akang'oa mpaka mizizi, akamwaga saruji, ikang'aa kama sahani.

Nyanya aliporudi alisimama mlangoni, akavua viatu, akaingia ndani. Afadhali angenipiga.

Baada ya arusi nikaja kumtazama, Ramadhani iko mlangoni. Miboga ilikuwa imetoa maua tele, lakini nyuki hawakuja tena, na kila kitoto cha boga kilisinyaa, kikawa cha manjano, kikaanguka. Ndipo akanipa ule unyoya.

"Gusa ua dume, uchukue vumbi lake. Sasa peleka kwa jike. Taratibu! Hufagii nyumba hapa."

"Nyanya, mgongo waniuma."

"Nyuki hakunung'unika hata siku moja, na hakuwa na mume wa Kibokoni."

Niliinama mpaka jua likanichoma utosi. Kwa kazi yote ile tulipata maboga mawili. Akaniambia, "Usiache mbachao kwa msala upitao. Wageni wako wamekula pilau, wamekwenda zao. Mimi nimebaki na saruji."

Alikufa saruji ikiwa pale pale. Ndoa yangu ilidumu miaka minne. Saruji ilidumu ishirini na tatu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: nilirudi na talaka na sanduku moja, nikamkuta mjomba Shee amegeuza mbele ya nyumba kuwa maegesho ya gari lake. Miaka mingi nikaiacha saruji hivyo hivyo. Siku niliyoshika mtaimbo alikuja mbio.

"We mwana, una wazimu? Gari nitaliweka wapi?"

"Liweke kwako, mjomba. Uliniambia ning'oe, nikang'oa. Leo hujaulizwa."

Nilivunja peke yangu, kipande kwa kipande, mikono ikatoka malengelenge. Chini nikakuta mchanga mweupe, umekufa. Nikaulisha majani makavu na samadi. Mbegu nilipewa na mama mmoja anayeuza mboga pale Feri. Nilimwomba aniwekee mwangani na mchunga uliokomaa, ule ambao wanunuzi hawautaki. Mwaka wa kwanza sikuona hata nyuki mmoja, na Zaituni akawa aniita Bi Msitu. Mwaka wa pili, asubuhi namwagilia, nikasikia mvumo kwenye kivumbani. Nilikaa chini pale pale kwenye tope, nikalia kama mtoto.

Sasa njoo utazame. Ndege chozi wanagombania mishubiri, vipepeo sijui hata majina yao, na uani maboga yamelala kama watoto wanene, sijashika ua hata moja. Ramadhani iliyopita niliwagawia jirani wote. Zaituni mwenyewe, aliyemwaga saruji kwake pia, alikuja na kikapu kuomba mbegu. Nilimpa, sikumnyima, ila nilimwambia, "Kwanza kavunje saruji yako." Najivuna, ndiyo. Nimeilipia haki hiyo kwa mgongo wangu.

Basi mwanangu, lishike hili. Using'oe kinacholisha nyumba yako kwa kuogopa mdomo wa mgeni wa siku moja. Kabla hujakiita kitu gugu, kaa ukitazame ni nani anayekula hapo. Na ukikosea kama mimi, usingoje aliyekushauri vibaya aje akutengenezee, hatakuja. Anza wewe, pahala padogo, kando ya mlango wako, kwa mimea iliyoijua ardhi hii kabla yetu.

Mola akupe mkono unaootesha, akujaalie majirani wa kula nao, na kila utakachokipanda kikuishie kwa mavuno. Amin.