Mbegu Zisizokaguliwa

Koleta alichovya mkono katika gunia la Lukasi, kupapasa tu kama mkulima yeyote anavyopapasa, na vidole vikatoka vimepakaa unga. Unga, katika mahindi ambayo hayajafika mashineni! Damu ikamchemka pale pale.

Ilikuwa siku ya kikapu. Kitongoji chao, juu kabisa Bombo, kilikuwa na desturi yake: vuli ikikaribia, kila nyumba ilileta kibaba cha mbegu, zote zikamwagwa katika kikapu kimoja mbele ya kanisa, zikaombewa, zikachanganywa, kisha kila mtu akarudi kwake na fungu. Asiyekuwa nacho alipata sawa na mwenye nacho. Na kukagua mbegu ya mwenzio lilikuwa tusi, sawa na kunusa chakula ulichokaribishwa.

Zamani hilo halikuwa na neno, maana mbegu zote zilitoka mlima ule ule. Lakini hii ilikuwa miaka ya soko huria. Vizuizi vya mahindi barabarani vilikuwa vimeondolewa, duka la ushirika limefungwa, dawa ya ghala imekuwa hadithi, na bwana shamba kahamishwa asiletwe mwingine. Wakulima walikuwa wameachiwa kila kitu wajitegemee, hadi wadudu. Mwaka uliotangulia mvua ilikuwa imewatupa. Kwa hiyo Lukasi, kijana wao aliyefanya biashara huko tambarare, alipopandisha gunia zima la bure kutoka kijiji cha Bendera, akina mama walimpigia vigelegele.

"Shikamoo, mama Eva," Lukasi alimwamkia, akitabasamu.

"Marahaba. Mahindi yako yana dumuzi."

Vigelegele vikakatika. Koleta akawafungulia kiganja: punje zilizotobolewa, vumbi, na kidudu cheusi kidogo kuliko punje ya mchele. Alikijua. Alikuwa amekiona kwa dada yake, kule Ndungu tambarare, kilivyosaga chakula cha mwaka mzima kikabaki vumbi, kikatafuna na nguzo za ghala.

"Haya tuyasage leo tuyale," alisema. "Mbegu tubaki na zetu."

Mzee Eliufoo, mzee wa kanisa, alikunja uso. "Mama Eva, zawadi haikaguliwi. Unamwaibisha mtoto wa watu."

"Aibu yake itakwisha kesho, baba. Dumuzi hawatakwisha kesho."

"Anazo zake, ndiyo maana anachagua," alisema Priska, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Hilo lilimchoma Koleta kuliko yote.

Gunia likamwagwa. Naye Koleta, mbele ya macho yao, akakinyakua kibaba chake kabla hakijachanganywa, akashika njia ya nyumbani. Hakuna aliyekumbuka mtu kuwahi kufanya jambo kama lile.

Wakamwadhibu. Msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo haikuwahi kumruka hata mlevi, ulimruka yeye. Mfereji ulizibuliwa ukaachwa mpakani mwa shamba lake. Koleta, mjane, na binti yake Eva walilima peke yao, na Priska akawa anapita bila salamu. Koleta alilia, tena kwa hasira. Mtu anawaonyesha moto, wao wanamnunia kwa kuwa amenyoosha kidole!

Vuli ikachelewa. Mbegu za kikapu zikakaa darini katika kila nyumba, pembeni ya mahindi ya chakula, na dumuzi hawakungoja mvua. Ilipokuja kunyesha, watu walipanda darini wakashuka na magunzi matupu na unga usiolika. Mbegu za Koleta, kibaba kile pamoja na akiba yake, zilikuwa katika debe, zimechanganywa na majivu, kifuniko kimebanwa.

Wakaja, Mzee Eliufoo mbele, Priska nyuma yake akitazama chini.

"Mama Eva," mzee alianza, "Mungu amekuhurumia, mbegu zako zimepona."

"Mimi peke yangu?" Koleta alifoka. "Alituhurumia sote siku ile ile! Huruma yake niliwaonyesha hapa kiganjani, mkaikataa!"

Alilibwaga debe mbele yao, akafungua kifuniko. Priska akatandaza kitenge chake. Koleta hakumimina.

"Kagueni."

"Aa, mama Eva, sisi tunakuamini."

"Hata Lukasi mlimwamini. Hatoki mtu hapa na punje moja kabla hajaitazama."

Mzee Eliufoo alirudisha mkono nyuma kwa aibu, kama aliyeambiwa avue nguo. Kisha, polepole, akainama, akachota, akapuliza majivu, akageukia mwanga wa mlangoni. Akaigeuza punje moja vidoleni.

"Hii ina tundu," alisema kwa sauti ya kuomba radhi.

Koleta aliichukua, akaitazama, akaivunja kwa meno. Ndani mlikuwa na vumbi. Akaitupia jikoni katika moto.

"Eva!" aliita, na hasira bado ilikuwa juu. "Lete nyungo zote. Debe hili tunalichambua lote, punje kwa punje, na hakuna anayekwenda kwake."

Priska ndiye aliyekuwa wa kwanza kuketi chini.