Rili ya Mkono Upi

Baba mkwe wangu alipopata kiharusi, mkono wake mmoja ulilala. Upi, sikujua. Shida yangu ilianzia hapo, na nikiri mapema kwamba sehemu yake nyingine sijaielewa hadi leo.

Ni mwalimu mstaafu. Anaishi Muleba, mahali ambapo kutoka kwenye migomba yake hadi ziwani ni mteremko mmoja tu. Miaka yote aliyofundisha, Jumamosi zake alizimalizia kwenye mawe ya ufukweni, ufito mkononi, akiwatafuta sangara. Baada ya ugonjwa alikaa kitini akiitazama mikungu ya ndizi kama anayeisimamia mtihani. Rili yake ya zamani, ile mashine ya kukunja mshipi, iliota kutu, na ufito ukapandishwa darini.

Mama mkwe akampigia simu mke wangu. "Baba yako asiporudi majini mwaka huu, harudi tena. Ameanza kuuzungumzia ufito wake kama marehemu."

Alisema pia kwamba mzee aliwahi kutamka, mara moja tu: angepata rili ile inayokaa juu ya ufito, siyo inayoning'inia chini, angejaribu. Mkono mzima ungerusha. Halafu ufito ungebanwa kwapani upande ule mbovu, na mkono mzima ungerudi kuzungusha kishikio.

Mke wangu akanitazama. Katika familia, mimi ndiye ninayejua bei za vitu.

Sasa, rili za namna hiyo huwa na kishikio upande mmoja tu, kulia au kushoto, na hakihamishiki. Kwa hiyo ilibidi nijue mkono mzima ni upi. Tangu augue nilikuwa nimekwenda kumjulia hali mara mbili, na mara zote mbili alinipokea amevaa koti lake la kanisani, mikono yote mfukoni. Kwa nilivyolelewa, mkwe hamuulizi baba mkwe habari za viungo vyake. Unauliza mvua, unauliza kahawa. Nikauliza kahawa. Kahawa ilikuwa nzima pande zote mbili.

"Ni wa kushoto uliolala," mke wangu alisema. "Nilikaa mbele yake namtazama."

"Kushoto kwake au kwako?"

"Kwani wewe unataka kununua au kubishana?"

Nikampigia kaka yake, anayeishi Buhembe. "Wa kulia," akasema bila kusita. "Ule wa upande wa dirishani." Dirishani! Kana kwamba mzee amejengwa pamoja na nyumba.

Nikahesabu kura: moja kwa moja. Nikahesabu tena: moja kwa moja. Mke wangu akampigia mama yake, lakini mzee alikuwa ameketi palepale, kwa hiyo mama mkwe akajibu kwa sauti ya chini, "Ule wa ufito," kisha akaanza kuulizia wajukuu. Ule wa kushikia ufito, au ule wa kuzungushia? Tulilala na hilo.

Kilichonitisha si hasara. Zawadi ya mkwe haikataliwi wala haibadilishwi. Nikikosea, mzee angesema asante, rili ingetundikwa sebuleni kando ya picha ya harusi yetu, na habari za ziwa zingeishia ukutani.

Duka nililokwenda liko Bukoba mjini, linauza nyavu, maboya na ndoano. Mwenye duka, dada mmoja mwenye subira ya kuhesabika, akanitolea rili mbili kwanza. Moja ni ya mviringo, nene kama kopo la maziwa ya unga. Nyingine ni bapa, imelala kama kobe aliyeona mbwa.

"Ya mviringo inabeba mshipi mrefu," akasema. "Hii bapa ni nyepesi, inajaa kiganjani."

"Kwa sangara?"

"Ya mviringo."

"Kwa mgonjwa?"

"Bapa. Sasa kaka, anayevua ni sangara au ni mgonjwa?"

Nikaomba nizungushe. Ya mviringo, kishikio mzunguko mmoja, mshipi uliingia shibiri tatu. Bapa, mzunguko mmoja, shibiri nne. Nikapima upya, zikawa tatu na nusu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kutanua vidole. Akaniambia ile ya polepole ndiyo yenye nguvu, na ile ya haraka inataka mkono wenye nguvu. Nikamwomba arudie. Akarudia. Sikuelewa mara mbili.

Kisha breki. Rili hizi, ukirusha bila kuizuia roda yenye mshipi kwa dole gumba, roda huzunguka haraka kuliko mshipi unavyotoka, na wote hujifunga fundo kama nywele za mtoto aliyetoka usingizini. Breki husaidia. Ya mviringo, breki yake iko ndani, unafungua ubavu kwa mikono miwili. Bapa ina kitufe cha nje, unazungusha kwa kidole kimoja. Hapo kwa mara ya kwanza nikaelewa kitu: bapa.

"Kulia au kushoto?" akauliza.

Nikarudi gizani.

"Nipe zote mbili, ya kulia na ya kushoto," nikasema. "Nitakayoirudisha itarudi bila mkwaruzo."

"Kaka, hapa ni dukani, siyo maktaba."

Tulibishana mpaka wateja wawili wakaondoka na wa tatu akaanza kunitetea. Alikubali, kwa wiki moja, na simu yangu ya akiba akabaki nayo kama rehani. Siyo mara yangu ya kwanza kwenda ukweni na akiba. Siku ya mahari nilificha mbuzi mmoja nyuma ya migomba, ili wakiridhika na waliopo arudi nami nyumbani. Alirudi. Nilidhani hakuna aliyemwona.

Njiani kwenda Muleba nikaamua kumwamini mke wangu, kwa kuwa ndiye ninayeishi naye. Wa kushoto umelala, basi kishikio kulia. Ile ya kushoto nikaizamisha chini kabisa ndani ya begi.

Mzee alinipokea na koti lake. Nikainama, nikamkabidhi kwa mikono miwili inavyopasa. Na kwa kuwa naye ni mtu wa adabu, ilimpasa kupokea kwa miwili. Mkono wa kushoto ukatoka mfukoni. Ukaenda mfuko wa pili, ukamtoa mwenzake taratibu kama mtu anayembeba mtoto aliyelala, ukamlaza kando yake. Zawadi ikapokelewa kwa mikono miwili.

Wa kulia ndio uliolala. Shemeji na dirisha lake walikuwa sahihi.

"Asante, mkwe," mzee akasema. Akamwomba mama mkwe ateremshe ufito, nami nikaifunga rili juu yake. Alipoona kishikio kimekaa upande usio na mtu, aliugeuza ufito juu chini, rili ikaning'inia kama zile asizozitaka, kishikio kikaja kushoto.

"Inazunguka," akasema. "Kinyumenyume, lakini inazunguka."

Tukateremka ziwani, polepole, mimi nikibeba begi langu ambalo hakuna aliyeniuliza kwa nini nalibeba. Juu ya jiwe lake akarusha. Roda ilikuwa chini, dole gumba halikuifikia. Mshipi wote ukajifunga pale pale, na ndoano ikaanguka miguuni petu.

Alikaa chini. Akaanza kuutenganisha ufito wake vipande viwili.

"Ni zawadi nzuri," akasema.

Neno la kuipeleka rili ukutani, nililoliogopa, ndilo hilo. Nami nikasimama pale na dawa iko ndani ya begi. Nikiitoa, nimekiri kwamba niliupeleleza mkono wake. Nisipoitoa, jiwe lile hatulioni tena. Nikafungua zipu ya begi. Nikaifunga. Nikauliza kama kahawa mwaka huu imechanua.

Mzee akanigeukia. "Mkwe, kahawa uliiuliza getini. Hebu mlete na yule mbuzi wa nyuma ya migomba."

Kumbe yule mbuzi alionekana. Nikaitoa rili ya kushoto. Aliipokea kwa mkono mmoja, bila adabu yoyote, akicheka mabega yakitikisika, nami nikaiweka ile ya kulia jiweni, nikaufunga ufito upya, rili ikakaa juu. Akarusha. Dole gumba lake la kushoto lilikuwa geni kwa kazi hiyo, na ndoano ilikwenda hatua nane. Nilizihesabu tena kwa macho: saba. Ufito ukaingia kwapani kulia, kishikio kikaanza kuzunguka, mbele, kama inavyotakiwa. Akarusha ya pili, ya tatu. Hatukupata hata sato wa kuonea haya.

Tulipoondoka nikainama kuiokota ile ya kulia, dada wa duka akiwa moyoni mwangu. Haikuwepo. Mzee alikuwa ameshaitia mfuko wa kulia wa koti, mle unamoishi ule mkono.

"Hii iache," akasema. "Ni ya huyu, akiamka."

Sikujua kama ni utani. Nikautazama ule mfuko. Kisha nikautazama tena.