Ishia Hapo

Mama Chaki alipata jina hilo kwa sababu chaki ya kukatia haikumtoka mkononi. Aliisahau sikioni, kwenye nywele, mara nyingine ndani ya kikombe cha chai. Ukimpelekea kitambaa alikutolea gauni, na kilichobaki alikurudishia bila kuombwa, jambo ambalo mafundi wenzake walilihesabu kuwa ugonjwa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye vyerehani viwili, kioo kilichopasuka pembeni, na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyeshona huku akiongea na kuongea huku akishona.

Kanisani alijulikana kwa jambo jingine: sauti. Mchungaji wao hakusoma Biblia mwenyewe anapohubiri. Alikuwa na msomaji, na msomaji alikuwa Mama Chaki. Mchungaji akitaja sura na mstari na kusema "Soma," yeye anasoma. Pakifika alipopataka anasema "Ishia hapo," na yeye anaishia hapo. Watu walisema hata ukiingia na usingizi, Mama Chaki akisoma utaamka. Heshima ile aliijua na aliipenda, tusimsingizie unyenyekevu ambao hakuwa nao.

Basi ndiye aliyesoma siku ya binti yake.

Binti huyo, mtoto wake wa pekee, alikuwa amepata mchumba seremala, kijana mchapakazi na mcha Mungu, ila alisali kanisa jingine. Kwao ilifundishwa kwamba kuolewa nje ya kusanyiko ni kuasi. Binti hakugomba. Aliwauliza tu wazee wa kanisa imeandikwa wapi. Akajibiwa kwamba swali lenyewe ni kiburi, naye akauliza tena. Jumapili iliyofuata Mchungaji akamsimamisha mbele ya watu, akamwambia mama mtu asome ule waraka mfupi wa Mtume, pale anapoagiza kwamba asiyetii watu wajitenge naye ili aone haya. Mama Chaki akasoma. Sauti haikutetemeka, na hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote. "Ishia hapo," Mchungaji akasema. Akaishia hapo. Binti alimkazia mama yake macho kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja jambo, kisha akachukua mkoba wake akatoka.

Tangu siku hiyo hawakukaa meza moja. Binti aliolewa, akahamia mtaa wa maseremala, mwendo wa kutembea tu kutoka dukani. Mwendo wa kutembea, na Mama Chaki hakuutembea. Habari zilimfikia kwa vinywa vya wateja. Binti kajifungua, mtoto wa kike. Mtoto kaota meno. Mtoto anaimba siku nzima, na kidevu ni chako, Mama Chaki, kilekile. Yeye aliitikia "Mungu ni mkubwa," akakanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na bibi naye ni mzazi.

Kila mwaka alimshonea mjukuu gauni. Kwa kuwa hakuwahi kumwona, alikata kwa kukisia: alilaza gauni la mwaka uliopita juu ya kitambaa, akaongeza vidole viwili kila upande, akakata. Magauni yalikaa kwenye sanduku chini ya meza na vifungo vyake vyote. Duka likiwa tupu aliyatoa, akayapanga kuanzia dogo mpaka kubwa, akajaribu kumwaza mtoto aliyemo ndani yake. Uso haukuja. Alimtamani mtoto yule kwa mikono hasa, kumshika bega, kumfunga kifungo cha mgongoni, na mikono ilimuuma kweli.

Mambo yalianza kugeuka kwa sababu ya sare za shule. Ziliagizwa sketi nyingi za kipimo kimoja. Mama Chaki alikuwa na msiba, akamwachia wifi akate. Kila fundi anajua sketi zote hukatwa kwa patani, ile karatasi ngumu yenye kipimo cha kwanza. Ukikata ya pili kwa kufuata ya kwanza, na ya tatu kwa kufuata ya pili, upana wa chaki unaongezeka kidogo kidogo na macho hayaoni. Wifi aliona uvivu kuitafuta patani. Mama Chaki aliporudi, sketi ya mwisho ingewaenea wanafunzi wawili na mwalimu wao.

Aligomba mpaka jirani akachungulia. Alisema patani iliwekwa kwa sababu, na kila kipande kirudishwe kwenye patani, kisifuate kipande chenzake hata kiwe kimekatwa na nani. Wifi alimwacha amalize, kisha akainama, akalivuta lile sanduku la magauni.

"Na haya, wifi yangu, patani yake iko wapi?"

Mama Chaki alinyoosha mkono alifunge sanduku.

"Iko mtaa wa maseremala, inaruka kamba," wifi akasema. "Na lile neno ulilomfukuzia mwanao, ulishawahi kulisoma lote? Au na wewe ulikata kwa kipande cha Mchungaji?"

Wifi ana haki ya utani, na utani unaruhusiwa kuchoma. Huu ulipenya. Mchana uleule Mama Chaki aliichukua Biblia yake, aliyoishonea jalada la zipu, zipu ambayo toka Jumapili hadi Jumapili haikufunguliwa. Miaka yote alikuwa amesoma kwa sauti, kwa ajili ya watu. Kusoma kimya, kwa ajili yake, hakumbuki lini.

Aliuanza waraka juu kabisa. Ulikuwa mfupi, humalizi kupinda pindo la sketi kabla haujaisha. Alipokaribia pale aliposoma siku ile, aliona Mtume anawasema wavivu, watu wasiotaka kufanya kazi, wanaoshinda wakijiingiza katika mambo ya wenzao na kula jasho la wengine. Ndoa haikutajwa. Binti yake alifulia watu nguo asubuhi na kuuza dukani kwa watu jioni. Uvivu angeupata wapi? Kisha akaufikia ule mstari wa kujitenga, na chini yake, umefuata bila hata nafasi, mstari ambao hajawahi kuusoma: kwamba mtu huyo wasimhesabu kuwa adui, bali wamwonye kama ndugu.

Aliurudia kwa kidole. Alilia kwa hasira na kwa aibu, na zaidi kwa hamu, maana hamu aliyoifunika miaka yote sasa haikuwa na kifuniko.

Kwa Mchungaji alikwenda kwa adabu, akamuuliza kama aliwahi kuusoma waraka ule kuanzia juu. Mchungaji hakukasirika. Alipangusa miwani, akasema hivyo ndivyo alivyofundishwa na mzee aliyeanzisha kanisa, na mzee naye alifundishwa na aliyemtangulia. Akaongeza kwamba kondoo haulizi majani yametoka wapi. Mama Chaki akamjibu kwa upole kwamba hata kondoo hunusa kwanza, na kwamba Mtume mwenyewe alipohubiri, wapo waliorudi kuyachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo, na wakasifiwa kwa hilo. Alilijua hilo, kwani aliwahi kuambiwa alisome. Aliaga akaondoka na sanduku lake la magauni.

Nyumba ya binti aliitambua kwa maranda yaliyotapakaa mlangoni. Mtoto aliacha kuruka kamba, akamwamkia vizuri kama anavyoamkiwa mgeni yeyote, akaenda kumwita mama yake. Kidevu kilikuwa kilekile. Mama Chaki alisimama palepale, akijua kwamba akifukuzwa atakuwa amelipwa haki yake.

Binti alitoka na mikono yenye povu la sabuni. Hakusema karibu. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimpotea Mama Chaki, akabaki na lile moja analoliweza. Akafungua zipu.

"Siku ile niliambiwa niishie hapo," akasema. "Nimekuja kumalizia."

Akausoma ule mstari. Sauti ambayo siku ile haikutetemeka, leo ilikatika katikati, ikabidi aanze upya.

"Naujua, mama," binti akasema. "Biblia yangu ilikuwa wazi mkononi siku ile. Nilikuwa nimeshaufikia. Nilisimama pale nangoja uendelee."

Mama Chaki aliomba msamaha. Binti alijifuta mikono kwenye kanga, muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kisha akasogea mlangoni kumpisha.

Ndani walifungua sanduku. Binti alichukua gauni la mwaka huu, akamwekea mtoto kifuani. Mabega yalimpita, kiuno kingewatosha wawili, na mtoto akacheka.

"Mama, huyu uliyemshonea ni nani?"

"Simjui," Mama Chaki akasema. Aliivuta futi ya kupimia, ambayo alikuwa ameisahau shingoni tangu dukani. "Njoo, mjukuu wangu. Simama wima nikupime."

Mtoto alinyoosha mikono. Bibi akampima mabega, kisha akayapima tena, ingawa fundi kama yeye hajawahi kupima bega mara mbili.