Makopo Niliyoyapaka Chokaa

Leo ni siku ya tatu sijatoka nje, na sijui nitatoka lini.

Tangu biashara iwe huria, hapa Bariadi kila kitu kinakufuata mlangoni, nami sina tabia ya kuuliza kimetoka wapi. Kikundi chetu cha akina mama wa bustani kilikuwa kije kunitembelea Jumamosi, na bustani yangu ilikuwa mchicha mtupu. Ijumaa akapita mchuuzi wa baiskeli na airisi nne, maua ya kizungu, kwenye makopo, zimechanua zambarau. Nikanunua zote. Makopo yalikuwa na maandishi mekundu, lakini sikuyasoma. Kopo gani halina maandishi? Nikayapaka chokaa, yakapendeza.

Wageni walipofika nikajiona malkia. “Nimezilea mwenyewe miaka miwili,” nikasema, wala hakuna aliyeniuliza.

Mwenyekiti wetu, Mwalimu Kabula, akainama kuzitazama. “Marehemu mama alizipenda sana hizi, mayu,” akasema, akiniita mama kwa Kisukuma chetu.

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikabeba ndoo niwaonyeshe ninavyomwagilia, nikamimina kwa mbwembwe. Chokaa ikachuruzika. Herufi nyekundu zikatokeza moja moja, tukazisoma sote: MAMA YETU MINZA, PUMZIKA KWA AMANI.

Mwalimu Kabula akalifuta kopo kwa ncha ya kanga yake, taratibu, kama anamfuta mtoto uso.

“Haya niliandika mimi,” akasema. “Miaka miwili, mayu? Mama tumemzika kule Sapiwi mwezi uliopita.”