Toronto kwa Hesabu ya Basi

Mpaka leo ndege ikipita juu ya Kibondo nashikwa na hasira. Kisha namkumbuka kaka yangu akishuka kwenye gari, na hasira yote inaniishia.

Baba alifariki alfajiri. Kwetu Buha, imfura, yaani mtoto wa kwanza, ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini, ndipo wengine hufuata. Imfura wetu anaishi Toronto, Kanada. Nilipompigia alilia, kisha akasema, "Msimzike bila mimi, dada. Keshokutwa nipo hapo."

Nikayapeleka maneno hayo kwa baba mdogo, aliyekuwa akiusimamia msiba. Akacheka, msibani! Yeye ndiye mtaalamu wetu wa safari: aliwahi kwenda Dar es Salaam kwa basi kutibiwa macho, akarudi na miguu iliyovimba na hadithi zisizokwisha.

"Yewe! Dar yenyewe, nchi yetu hii hii, nililala njiani. Ng'ambo ya bahari si mwezi mzima? Mwana wanje, mwanangu, kaka yako anakufariji tu."

Nikasema ndege si basi. Wazee wakanijibu kwamba hata ndege lazima isimame, abiria wale, dereva apumzike.

Kesho yake asubuhi nikampigia kaka ili awaambie mwenyewe. Hapatikani. Nikapiga tena na tena, hapatikani. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda ndege; hatukujua kwamba angani simu huzimwa.

"Unaona?" baba mdogo akasema, kwa upole kabisa. "Kazima simu. Anaona aibu."

Mchana tukazika, na udongo wa kwanza akautupa baba mdogo.

Siku iliyofuata tulikuwa tunaosha masufuria ya msiba, gari la kukodi kutoka Kigoma likaingia uani, jekundu kwa vumbi la barabara ya Kasulu. Akashuka kaka, kavaa koti zito la baridi.

Sufuria likanitoka mikononi, na shangazi akapiga yowe kana kwamba ameona mzimu.

"Unatoka wapi?" baba mdogo akauliza. Swali gani hilo!

"Toronto."

"Umeondoka lini?"

"Juzi, baba mdogo. Si nilisema?" Akaelekea mlangoni huku akivua viatu. "Baba mmemlaza chumba gani?"

Mimi ndiye niliyemshika mkono nikampeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Alipoliona tuta bichi na maua yaliyoanza kunyauka, hakulia. Alipiga magoti akachota udongo, akabaki ameushika.

Baba mdogo alikuwa ametufuata. Akakaa chini pale pale, kwenye majani makavu, mikono kichwani.

Kaka akamgeukia, kiganja kimejaa.

"Sasa huu niutupe wapi?"