Nyumba Iliyopita Kwenye Mizani

Mimi si mtu wa maneno laini, na kazi ya kupima vyuma chakavu haikunilainisha. Kutwa nzima nasimama kwenye mizani ya yadi, vumbi la kutu puani, nabishana na watu wazima wanaotia mchanga ndani ya mabomba ili yaongeze uzito. Wasukuma mikokoteni wananiita Mama Mizani. Wakiwa mbali wananiita majina mengine, nayo nayajua.

Yule mzee alikuja mara ya kwanza na mfuniko wa sufuria. Mfuniko mmoja, kaukumbatia kifuani kama mtu aliyetumwa na mkwewe. Mbele yake kulikuwa na mkokoteni wa nondo, nyuma yake mwingine uliojaa mabati, naye katikati na mfuniko wake. Wasukuma mikokoteni walicheka mpaka wakashika mbavu. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Mzee Mfuniko.

Nilidhani ni shida ya siku moja. Kesho yake akaja na kitasa. Kesho kutwa akaleta pasi ya mkaa isiyo na mpini. Kila asubuhi alikuja na kitu kimoja, tena kimefutwa vumbi vizuri, na kila mara alikaa kwenye foleni mpaka zamu yake ifike. Pesa aliyolipwa kwenye dirisha la malipo haikutosha hata kununulia sabuni. Alipokea bila kuitazama, akaitia mfukoni, akaondoka polepole kama mtu asiyesubiriwa popote.

Nilimchukulia kuwa bahili. Breki, msukuma mkokoteni anayeishi mtaa mmoja naye, aliyepewa jina hilo kwa sababu mkokoteni wake hausimami mpaka ugonge kitu, ndiye aliyeniambia kwamba mzee hana dhiki. Mkewe alikufa miaka michache iliyopita. Watoto wako mbali, wanamtumia pesa kwenye simu kila mwezi bila kukosa. Nikasema basi ana wazimu. Breki akainua mabega, akaenda zake.

Bosi wetu naye hapendi kupoteza muda. Alimwona mzee amesimamisha foleni nzima kwa ajili ya kijiko, akapandisha mori, akatoa amri: mzigo usiofika kilo tano usipokelewe. Amri ilitolewa na bosi, ila mdomo wa kuifikisha ulikuwa wangu. Nikamweleza mzee bila kupindisha maneno, nikidhani nimemkomesha. Akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa, akarudi na kijiko chake.

Asubuhi iliyofuata alimkodi Breki. Juu ya mkokoteni kulikuwa na miguu ya chuma ya cherehani. Nikaipima. Baada yake kikaja kitanda cha chuma kimefunguliwa vipandevipande, nacho nikakipima. Kikaja kichanja cha chuma cha kuanikia vyombo, ikaja meza. Siku alipoleta dirisha la nondo niliona mabonge ya saruji yameganda kwenye ncha zake, na hapo nikaelewa kwamba halikuokotwa jalalani. Liling'olewa ukutani. Lakini foleni ilikuwa ndefu. Nikapima, nikamwita anayefuata.

Kisha akaleta mlango.

Mlango wa chuma, rangi ya kijani, na komeo lake bado lipo. Breki alikuwa ameuinamisha juu ya mkokoteni, hanitazami usoni. Nikazima mizani.

"Mzee, huu mlango umeutoa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nyumbani sasa kuna mlango gani?"

Akanitazama kwa upole, kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Mwanangu, si ndio huu hapa."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Nilimwambia Breki ageuze mkokoteni, nikamwomba mwenzangu wa dirishani ashike mizani, nikawafuata huku bosi akinifokea kwa nyuma. Kwa lugha aliyotumia nilijua naweza kumwaga unga siku hiyo hiyo, lakini miguu ilikuwa imeshaamua.

Nyumba yake ina vyumba viwili. Ukutani kulikuwa na alama nyeupe za vitu vilivyokaa pale miaka mingi: hapa umbo la kabati, pale matundu ya misumari mahali palipokuwa na rafu. Dirisha la chumbani lilizibwa kwa kanga kuukuu ya marehemu mkewe. Godoro lilikuwa sakafuni, limetandikwa vizuri. Jikoni, sufuria moja. Kiti kimoja cha plastiki ndicho kilichobaki, akanivutia nikae, yeye akasimama na kuegemea ukuta. Nje tulimsikia Breki akihangaika kuufunga mlango kwa waya.

Nikamuuliza kwa nini anaivunja nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe ilhali pesa anazo. Alikuwa na haya, kama mtu aliyefumaniwa.

"Humu ndani hakuna anayeniambia njoo, hakuna anayeniambia nenda," akasema. "Watoto wakipiga simu wananiuliza kama pesa imefika. Imefika, nasema. Basi. Pale kwenu nikifika, wewe unaniambia, weka hapa. Unaniambia, ondoa mkono. Unaniambia, nenda dirishani. Siku nzima ndiyo maneno pekee ninayoambiwa na mtu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Maneno hayo nayasema mara mia kwa siku, tena kwa ukali, bila hata kumtazama ninayemwambia. Na huyu mtu alikuwa ameuza kitanda alicholalia na mkewe ili ayasikie.

Nikamwambia asilete tena kitu. Aje tu, mikono mitupu.

"Nikija bure watu wataniuliza nimefuata nini," akasema. "Nitajibu nini?"

Nikasema neno la kwanza lililonijia. "Sema umekuja kunisalimu."

Nikarudi yadi, nikatukanwa vya kutosha, nikaendelea na kazi.

Siku mbili hakuonekana. Nilijikuta nachungulia lango kila mkokoteni ukiingia, nikijilaumu kwamba nimemnyang'anya hata kile kisingizio alichokuwa nacho. Siku ya tatu nikamwona kwenye foleni. Amevaa shati lililopigwa pasi, pasi ya kuazima bila shaka, na mikono yake haikuwa na kitu wala hakujua pa kuiweka. Mara aifiche nyuma, mara aikunje kifuani. Breki alimpigia kelele apite mbele kwa kuwa hana mzigo. Akakataa. Akasema foleni ni foleni. Akasogea hatua kwa hatua juani, mabati mbele yake, nondo nyuma yake, mpaka akafika kwangu.

"Nimekuja kukusalimu, mwanangu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

Kila mtu husema nzuri. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme nzuri. Lakini alikuwa amesimama mbele yangu akisubiri, ananitazama machoni, ameacha kila kitu ili asikie jibu. Binti yangu aliolewa akahamia mbali, na tangu aondoke, nikitoka yadi nafunga mlango wangu na sizungumzi na kiumbe mpaka asubuhi. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za nyumbani kisha akasubiri.

"Kimya, mzee," nikasema. "Nyumbani ni kimya."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Hakunipa pole wala hakunipa moyo. "Hata kwangu," akasema. Kisha akampisha mwenye nondo, akaanza kurudi alikotoka.

Mwenye nondo alipandisha mzigo wake, akaniuliza ni kilo ngapi. Nikamwambia asubiri, kwa sababu nilikuwa sioni namba.